Washenga wa Mshomoroni

Mwaka juzi maboga yangu yalichanua bure.
Maua ya manjano, mapana kama vitanga vya watoto,
yalifunguka alfajiri, yakangoja,
ilipofika saa nne yakajikunja,
na jioni nikaviokota vijiboga chini
vimesinyaa kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua.

Umazi wa nyumba ya pili akasema: umetupiwa kijicho.
Mwanangu akasema: ni maji, mama, kisima kina chumvi.
Mimi nikanunua mbolea.

Mpaka Mbodze, anayetembeza mchunga na mkongwe
kutoka Kongowea,
akatua beseni kizingitini,
akatazama huku, akatazama huku, akauliza:
"Harusi hii, mshenga wake nani?"

Nilicheka.
Kisha nikautazama ua wangu,
ua nilioufagia miaka kumi na mmoja
mpaka jiwe la matumbawe likatoa meno.
Hapana jani. Hapana hata mbigili.
Usafi ule walionisifia wageni
kumbe ulikuwa njaa.

Basi nikaacha kufagia.

Mbodze akaniletea visivyouzika:
mgagani uliokwisha kutoa maganda,
mchunga mzee, mchungu hata kwa mbuzi,
kivumbasi alichoking'oa kando ya barabara ya Bombolulu
kikaninukia mkononi siku mbili.
Nikapukuchua mbegu ndani ya sinia la mchele,
nikazichanganya na mchanga ili upepo usizionee,
nikazimwaga kwenye kila ufa wa jiwe.
Masika yakaja siku nne,
yakaaga.

Mtungi wa maji shilingi thelathini.
Kwa maboga nitatoa, kwa magugu nitamwambia nani?
Nikahamisha kigoda changu cha kutawadhia
nikakiweka katikati ya miche.
Maji ya uso kwa mgagani,
maji ya viwiko kwa kivumbasi,
ya miguu nikayaacha yatafute njia yenyewe.
Mara tano kwa siku ua wangu ulinyweshwa udhu,
na yaliyokufa yalikufa. Sikuyahesabu.

Bwana Fumo akaja kuchukua kodi.
"Bi Mwanaidi, umeshindwa na panga?"
Nikamwambia nimelificha.
Akainua kanzu, akapita katikati ya mchunga
kama mtu avukaye maji machafu,
na mbegu tatu zenye manyoya
zikamfuata mgongoni hadi nyumba ya nane.

Wa kwanza alifika Jumanne.
Mdogo kuliko punje ya mtama,
mweusi, hana mwiba, hana makuu.
Akalikagua ua moja la mgagani
kama mama mkwe akaguaye shuka.
Akaenda zake.
Alhamisi akarudi na ukoo.

Kisha yule mnene anayetoboa boriti,
akinguruma kama pikipiki isiyowaka vizuri.
Vipepeo weupe. Nyigu, ambaye sikumkaribisha
wala sikumfukuza.
Chozi naye alikuja, akaning'inia kwenye kamba ya nguo
akinilaumu kwa kukosa maua marefu.
Nilijibizana naye mpaka chai ikapoa.

Boga limeshika. Moja.
Si kubwa, na upande mmoja limepinda
kana kwamba mshenga aliitwa kwingine
kabla ya kumaliza maneno.
Nimelitandikia kipande cha gunia.
Umazi ameliona. Hajasema kitu,
ila juzi nilimsikia akimwambia mumewe:
acha hayo, usiyang'oe, yana maua.

Jana wageni wa mwanangu walikuwa njiani,
nikaona aibu, nikaenda nyuma ya banda
kuchukua ufagio.
Mpini wake wa mwanzi
tundu limezibwa tope, laini, bado bichi.
Kuna mtu amehamia.

Nikauegemeza tena ukutani, vilevile ulivyokuwa,
nikarudi kwa ncha za vidole.
Wageni wamekula wakiwa wamezungukwa na magugu.